Mvua ya Wakati wa Mama

Jumatatu ni siku ya mashuka. Jumanne ni sare za shule. Jumatano ni mashati ya ofisini, yale yanayotaka wanga kwenye kola. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mama yake, na Mama Povu hakuona sababu ya kubadili.

Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa yeye ni dobi, na mikono yake haikosi povu. Banda lake la kufulia liko nyuma ya nyumba, chini ya mlima. Zamani za kale mlima huo ulitema moto. Kisha ukapoa, ukanyamaza, ukaota majani. Katikati ya miamba yake myeusi hutoka chemchemi. Maji yake ni baridi na laini, hayagombani na sabuni. Bomba moja fupi huyaleta mpaka bandani, kwenye makaro matatu ya saruji: la kulowekea, la kufulia na la kusuuzia.

Banda hilo lilianzishwa na mama yake. Marehemu alikuwa na kipimo chake cha maji. Ukitega ndoo kwenye bomba na kuanza kukamua shuka, ndoo ilipaswa kujaa kabla hujamaliza shuka hilo moja. Siku hizo ilijaa kweli, na kumwagika. Mama Povu alikuwa msichana. Mpaka leo anakumbuka harufu ya sabuni ya mche na rangi ya bluu iliyotiwa kwenye maji ili mashuka yang'ae. Anakumbuka na kofi dogo la mgongoni.

"We mtoto, maji yanamwagika, na wewe umeduwaa!"

Ah, siku zile! Walikuwa na maji ya kumwaga.

Siku hizi alikamua mashuka manne, na ndoo ilikuwa bado nusu.

"Mama," binti yake aliita kutoka kwenye meza ya kupigia pasi, "hospitali wameuliza tena. Mashuka yao tutamaliza lini?"

"Waambie kesho."

"Kesho uliwaambia jana."

Mama Povu aliinua kichwa. Alitazama bomba. Maji yalitoka membamba, kama yanaona aibu. Miaka saba yalikuwa yakipungua, kidogo kidogo. Yakikatika, banda litafungwa. Yeye alikuwa na miaka hamsini na minane, na kazi nyingine hakuijua. Lakini lililomuuma zaidi lilikuwa jingine. Mama yake alimwachia banda likiwa hai. Je, yeye ndiye atakayelizika?

Kaka yake hakukaa akitazama tu. Alikuwa fundi wa tofali, mtu wa maneno mengi na moyo mkubwa. Alijenga bwawa dogo hatua hamsini juu ya chemchemi. Ukuta wake aliujenga kwa tofali zake mwenyewe, tena zile nzuri, na hakumdai dada yake hata asante.

"Mdogo wangu, chemchemi ni kama mtungi," alisema. "Ukipungua, unaujaza kwa juu."

Mvua zikija, bwawa lilijaa. Majirani walilisifu. Bata nao walilisifu. Chemchemi tu ndiyo haikuwa na habari.

"Kaka, mwaka wa sita huu. Maji yanazidi kupungua."

"Bwawa na ardhi bado hawajazoeana. Wape muda."

"Miaka sita?"

"Kuna ndoa zinachukua kumi!"

Mama Povu alicheka. Kaka yake alijua kumchekesha tangu utotoni. Lakini kicheko hakijazi ndoo.

Siku moja, Jumatano ya mashati, mwanamke mmoja alibisha hodi. Alivaa buti za mpira. Begani alining'iniza sanduku la kuhifadhia baridi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nguo?"

"Sijaleta nguo, mama. Nimekuja kuomba maji. Natoka ofisi ya maji. Tunachunguza chemchemi zote za mlima huu."

Alifungua sanduku. Lilikuwa limejaa chupa tupu, kubwa na ndogo. Toka siku hiyo, mtaa mzima ulimwita Bibi Chupa.

Mama Povu alimpeleka kwenye chemchemi. Bibi Chupa alipiga magoti. Alizamisha chupa nzima majini, akaifunga humohumo ndani ya maji. Kisha aliigeuza juu chini na kuitazama kwenye mwanga. Aliona kitone cha hewa. Akamwaga, akaanza upya.

"Hewa kidogo hiyo inakukera hivyo?" Mama Povu aliuliza.

"Inakera, mama. Hewa ya leo ikiingia, itaniharibia ushahidi. Nataka kujua maji haya yaliingia ardhini wapi, na lini."

"Utajuaje? Maji ni maji."

"Kwa macho, ndiyo. Lakini maji yana alama. Mvua na hewa ndizo zinazoziweka. Sisi hatuongezi kitu, tunazisoma tu." Alitazama mashati kwenye kamba. "Wewe unajuaje shati hili ni la nani? Yote ni meupe."

"Uzi," Mama Povu alijibu mara moja. "Ndani ya kola nashona uzi. Hospitali mwekundu, hoteli kijani, mwalimu mkuu zambarau, maana anajipenda."

"Basi maji nayo yana nyuzi zake. Nami nazitafuta."

Hapo Mama Povu alimwelewa, na akampenda.

Bibi Chupa aliweka vyombo vya kukingia mvua mahali patatu. Cha kwanza kilikuwa chini, karibu na barabara. Cha pili aliweka kando ya bwawa. Cha tatu alikipeleka juu kabisa, kwenye kiwanja cha tofali cha kaka. Hapo zamani palikuwa shamba la juu, waliloachiwa na mama yao, nao wakalisawazisha ili kaka apate kiwanja. Ndani ya kila chombo alitia mafuta mepesi yaelee juu ya maji ya mvua, ili yasikauke kwa jua.

"Kila mwisho wa mwezi, nijazie chupa moja kutoka kila chombo," alimwomba Mama Povu. "Andika tarehe na mahali. Funga sana."

"Mwanangu, unaongea na dobi. Sijawahi kupoteza hata soksi."

Mwezi ulipoisha, Bibi Chupa alirudi. Chupa tatu zilimsubiri mezani, zimefungwa vizuri, zimefutwa zikang'aa.

"Zimejaa zote!" alisema Bibi Chupa. "Nilidhani mvua ya chini ilikuwa haba."

"Ilikuwa haba. Ya barabarani haikufika hata nusu ya chupa. Niliona haya kukupa mgeni chupa nusu, nikakujazia kwa maji ya chemchemi."

Bibi Chupa alikaa chini. Alishika kichwa, halafu akaanza kucheka, na machozi yakamtoka.

"Mama, umenikirimu mpaka umeniharibia kazi! Hebu fikiria umechanganya nguo za hoteli na za hospitali, kisha ukang'oa nyuzi zote. Utazitenganisha?"

Mama Povu aliziba mdomo kwa kiganja. "Yarabi! Basi kidogo ni bora kuliko kingi kilichochanganywa?"

"Kwenye kazi yangu, ndiyo. Hata tone, liwe safi."

Mwezi huo ulipotea. Miezi iliyofuata, Mama Povu alitoa chupa nusu bila haya. Nyingine zilikuwa na vidole viwili tu vya maji, na alizitoa akiwa ameinua kichwa.

Mvua zikapita, kiangazi kikapita. Bibi Chupa akarudi na majibu. Kaka aliitwa. Alikuja na vumbi jekundu la tofali kwenye nywele, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mtaalamu," alisema, "niambie tu bwawa langu linasaidia kiasi gani."

"Mzee wangu, nikufurahishe au nikwambie ukweli?"

"Nifurahishe kwanza."

"Ukuta wa bwawa umejengwa vizuri sana."

"Naam! Sasa ukweli."

"Kwenye maji ya chemchemi hatukuona dalili ya maji ya bwawa. Hata kidogo."

Kaka aliacha kutabasamu. Bibi Chupa alipanga chupa tatu juu ya meza ya pasi.

"Maji mengine ni mazito kidogo, mengine ni mepesi kidogo," alieleza. "Tofauti ni ndogo mno. Mizani ya dukani haiioni, ila mashine ya maabara huiona. Wingu likipanda mlima, ni kama mpagazi mwenye mzigo. Kilicho kizito hukitua mapema. Kwa hiyo mvua ya huku chini ina mazito zaidi, na mvua ya kule juu ni nyepesi. Huo ndio uzi wa kwanza."

"Na bwawa?" aliuliza Mama Povu.

"Bwawa linakaa juani. Jua hupaisha mepesi kwanza, mazito yanabaki. Kwa hiyo maji ya bwawa yana alama yake peke yake, alama ya jua. Kwenye chemchemi alama hiyo haipo. Maji ya chemchemi ni mepesi. Yanafanana na mvua ya shamba la juu, na ya miteremko iliyo sawa nalo."

"Haiwezekani!" kaka alisema. "Bwawa liko hatua hamsini tu. Shamba la juu ni mwendo wa saa nzima kwa miguu!"

"Ni mbali, ndiyo. Lakini chini ya bwawa kuna jivu la kale la mlima. Limegeuka udongo mzito, halipitishi maji. Kule juu kuna mawe mekundu yenye matundu, hayo unayofanyia tofali. Mvua inapita humo kama kwenye chujio. Inashuka kwenye nyufa za miamba mpaka hapa. Mlango wa maji yenu uko kule juu. Huku chini mnaona dirisha tu."

Kisha akaendelea kwa adabu.

"Na kule juu, mzee wangu, ardhi imeshindiliwa. Umechimba na mtaro wa kuondoa mvua."

"Nisipoiondoa, tofali zitaloa!"

"Naelewa. Lakini maji hayo yangeingia ardhini. Sasa yanakimbilia korongoni na kupotea."

Kaka alisimama. Alijikung'uta suruali. "Miaka sita nimebeba mawe kwa ajili ya dada yangu," alisema. "Leo naambiwa mimi ndiye ninayemkausha." Akaenda zake. Chai yake ilibaki mezani ikipoa.

Mama Povu alimwonea huruma sana. Kisha akauliza lile lililobaki.

"Ulisema utajua na lini. Yana umri gani?"

"Kuna alama inayopungua maji yakikaa ardhini. Kila baada ya miaka kumi na miwili hivi, inabaki nusu yake. Kuna na gesi za hewani zilizonaswa na mvua zamani. Ndiyo maana sikutaka kitone cha hewa. Tumelinganisha zote mbili. Maji haya ni mchanganyiko, mama, si ya siku moja. Lakini mengi yake ni mvua ya miaka thelathini, arobaini iliyopita."

Mama Povu alipiga hesabu kwa vidole. Mama yake alifariki miaka ishirini na sita iliyopita.

Alitazama bomba. Alitazama mikono yake, bado imelowa. Mvua hii iliyo mikononi mwake ilinyesha mama akiwa hai! Ilimkuta kule juu, kanga kichwani, akilima matuta ya kukingama mteremko. Kila mwaka mama aliyatengeneza kabla ya mvua. Watoto walinung'unika, maana mgongo uliuma. "Maji yasipite kama mwizi," mama alisema. "Yakae, yaingie." Wao walidhani anahangaikia maharage tu. Pengine yeye mwenyewe alidhani hivyo.

Mama Povu alilia, wala hakujificha. Binti yake aliacha pasi akaja kumshika bega.

"Lakini mwanangu," alimwambia Bibi Chupa alipotulia, "kama ni ya miaka thelathini, mbona yamepungua baada ya sisi kusawazisha shamba? Ni miaka minane tu."

"Fikiria foleni ndefu. Anayeingia nyuma husukuma, na wa mbele ndiye anayetoka. Nyuma asipoingia mtu, msukumo unapungua. Mkiruhusu mvua iingie tena, msukumo utarudi baada ya miaka michache. Maji yenyewe ndiyo yatachelewa."

Kaka hakushuka siku nne. Siku ya tano Mama Povu alifunga banda mchana, akapanda mlima. Njiani mvua ilimkuta. Alipofika, tofali zilikuwa zimefunikwa turubai, na kaka alikuwa amesimama kando ya mtaro wake. Maji yalipita kwa kasi, mekundu, yakitumbukia korongoni.

"Umekuja kunisema?" kaka aliuliza.

"Nimekuja kukupa habari. Maji tunayofulia sasa ni mvua ya wakati wa mama."

"Nani kasema?"

Alimweleza yote, kama alivyoelezwa na Bibi Chupa: alama inayopungua, gesi, foleni. Alieleza polepole, kwa mfano wa nyuzi za kola. Kaka alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Yale matuta," alisema mwishowe.

"Yale matuta, kaka."

"Niliyasawazisha mimi."

"Tuliyasawazisha sote. Mimi ndiye niliyeshika kamba, umesahau? Nikakuambia bado kuna nundu pale."

Kaka alitazama mashine yake ya kufyatulia tofali. Chini yake ardhi ilikuwa nyeusi kwa oili iliyovuja. Alinyoosha kidole.

"Na hii? Nayo inashuka?"

Mama Povu alishusha pumzi. "Nilimwuliza Bibi Chupa. Alisema mlango wa maji hauchagui. Kinachomwagwa huku, siku moja kinaweza kufika kule."

"Nani ataikuta?"

"Wajukuu zako. Na wangu."

Mvua iliwanyeshea wote wawili. Kaka alikwenda mpaka kwenye mashine. Alichukua koleo. Alianza kuchota ule udongo wa oili na kuutia kwenye pipa kuukuu, ili usibaki pale.

Kuhamisha kiwanja haikuwa kazi ya siku moja. Bibi Chupa aliwapa shauri la mahali. "Kuwe chini ya chemchemi, si juu yake," alisema. "Na mashine ikae kwenye sakafu ya saruji." Walipata sehemu karibu na barabara. Msimu mzima kaka hakufyatua tofali za kutosha, na mkewe alimnunia. Ila wateja waligundua kuwa hawahitaji tena kupanda mlima, na mambo yakatengemaa. Maji ya bwawa nayo yalipata kazi, yakawa ya kuchanganyia saruji.

Shamba la juu walilirudisha wao wenyewe. Walifukia mtaro. Walitifua ardhi iliyoshindiliwa. Walivuta kamba kukingama mteremko, wakainua matuta, kila tuta na mfereji wake. Vizazi vitatu vilikuwa shambani, na wote walinung'unika kuhusu mgongo. Kwenye kingo walipanda nyasi, na katikati maharage. Majirani wa miteremko ile walikuja kutazama. Bibi Chupa aliwaeleza, na wawili kati yao wakaanza matuta yao.

Mwaka wa kwanza chemchemi haikubadilika. Mwaka wa pili haikupungua, na kwa dobi hiyo peke yake ilikuwa habari njema. Mwaka wa tatu, asubuhi ya mashuka, binti alitega ndoo na kuanza kukamua. Alipomaliza shuka la pili, maji yalikuwa yanamwagika sakafuni.

"Mama! Njoo uone!"

Mama Povu alikuja mbio, mikono na povu lake. Alitazama maji yanavyotiririka sakafuni. Kisha akampiga binti yake kofi dogo la mgongoni, wakacheka mpaka wakashikana. Hospitali walipata mashuka yao siku hiyohiyo.

Mvua za mwaka huo zilipokaribia, dada na kaka walipanda tena kutengeneza matuta. Walikuwa wamezeeka zaidi, na walipumzika mara tatu njiani. Walipomaliza tuta la mwisho, matone ya kwanza yalianguka. Walisimama wakitazama. Maji yalikusanyika kwenye mifereji, yakatulia, yakazama taratibu. Hakuna yaliyokimbia.

"Haya yatafika bombani lini?" kaka aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Miaka thelathini. Arobaini."

"Hatutakuwepo."

"Hatutakuwepo," alisema Mama Povu. Moyo ulimuuma, lakini si vibaya.

Aliinama. Aliweka kiganja juu ya maji yaliyokuwa yakizama kwenye udongo mwekundu, kama mtu anayemshika bega msafiri.

"Nendeni salama," aliyaambia. "Mkifika, tusalimieni watakaokuwepo."

Kaka yake, anayecheka kila kitu, hakucheka. Aliinama naye, akaweka mkono wake kando ya wa dada yake, wakangoja maji yaishe kuzama.